Mkae wenyewe, mumwite mzee au mwende baraza? Njia za kupatana kwenye mzani mmoja

Mwenye fremu, chumba cha duka ninachoshonea, alinijia asubuhi, sijamaliza hata kufagia. "Binti yangu, kuanzia Januari kodi laki mbili. Na nataka ya miezi sita kwa mkupuo." Wakati huo nalipa laki moja na nusu. Nina cherehani tatu, fundi mmoja wa kudumu na mwingine wa msimu wa Idi. Elfu hamsini zaidi kila mwezi ni pesa ninayoiona kwa macho ikitoka.

Nikamjibu kama ninavyojibu sokoni: laki na sitini, mzee wangu. Akasema laki na tisini. Kesho yake nikapanda kwa elfu tano, yeye akashuka kwa elfu tano. Siku ya tatu hata salamu ilikuwa ya kulazimishana. Jirani yangu wa fremu ya pili, mama muuza vitenge, akanisikiliza nikilalamika mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hivi umemuuliza hizo hela anazitakia nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilipomfuata nyumbani kwake jioni, nikaamkia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kuuliza, jibu halikuwa laki mbili. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anaanza shule ya bweni Januari: ada, godoro, tranka, nauli. Alichokuwa anakitafuta ni fungu kubwa mwezi ule. Mimi nilichokuwa nakiogopa ni kupandishiwa kila mwaka, na nilikuwa na jambo ambalo yeye halijui: zamu yangu ya upatu ilikuwa inaangukia Desemba.

Tukamalizana hivi: laki moja na elfu sitini na tano kwa mwezi, nalipa mwaka mzima Januari, yaani 1,980,000 taslimu. Bei haiguswi kwa miezi 24. Na yeye anabadilisha bati lililokuwa linavujia meza yangu ya kukatia.

Sasa tupige hesabu ya njia ambayo wengi wangeiita ya haki, ya kukutana katikati. Katikati ya laki na nusu na laki mbili ni 175,000. Kwa miezi sita angepokea Januari 1,050,000, ambayo isingetosha mahitaji ya mtoto. Mimi ningelipa elfu kumi zaidi kila mwezi kuliko tulivyopatana, na bati lingeendelea kuvuja. Ni kweli kwamba kwa mwaka mzima amesamehe 120,000 ukilinganisha na hiyo 175,000. Alilijua hilo. Alisema angekopa kwa riba ili kuziba pengo, riba ingekula zaidi.

Nimeanza na hadithi hii kwa sababu watu wakiuliza "twende wapi na huu ugomvi?" huwa wanauliza maswali mawili kwa pamoja: mzungumze kwa namna gani, na mzungumzie wapi. Ukikosea la kwanza, hata ukichagua mahali pazuri mtatoka na nusu nusu inayowauma wote.

Kuvutana au kuulizana

Kuvutana bei si dhambi. Fungu la nyanya, mtumba, bodaboda ya mara moja: taja, shusha, lipa, ondoka. Hamtaonana tena, na kitu kinachogawanywa ni kimoja tu, pesa. Hapo kumuuliza muuza nyanya mahitaji ya familia yake ni kupotezeana muda.

Kuulizana haja kunalipa pale ambapo mnaendelea kuishi pamoja au kufanya kazi pamoja, na pale ambapo kuna zaidi ya kitu kimoja cha kupanga: bei, muda, matengenezo, utaratibu wa kulipa. Watu wawili hawathamini vitu vyote kwa kiwango kilekile. Kwangu Desemba ina pesa, kwake Januari ina shida. Tofauti kama hizo ndizo zinazozaa mapatano, na hazionekani mpaka mtu aulize.

Ila ina gharama yake. Ukimweleza mwenzako haja yako yote naye si mtu wa kuaminika, umempa fimbo. Lau mwenye fremu angejua kuhusu upatu wangu kabla hajaniambia lake, sina hakika kama kodi ingeishia pale. Mimi hufungua kidogo, nikaona naye kafungua, ndipo naongeza.

Mgogoro wa pili, tulioshinda

Marehemu baba aliacha shamba ambalo mpaka wake na jirani ulikuwa mkorosho. Mkorosho ukaanguka. Jirani akasema mpaka ulikuwa hatua nane ndani ya upande wetu, sisi tukasema hapana. Mimi nilitaka tukae, kaka zangu wakakataa katakata: "Tukae tuseme nini, na shamba ni letu?" Tukaenda barazani. Ikafuata rufaa. Miaka minne, nauli za kwenda na kurudi, mashahidi wazee wanaohitaji chai na mahali pa kulala.

Tulishinda. Hukumu ninayo kabatini, kwenye bahasha ya kaki. Wiki iliyofuata jirani alipanda minyaa kuanzia barabarani mpaka bondeni, na njia ya kisimani tuliyoipita tangu utoto ikafungwa. Ilikuwa inapita upande wake. Katika miaka minne ya kesi hakuna aliyeitaja, kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Baraza lilijibu lililoombwa: hatua nane ni za nani.

Kwa hiyo nina mizani ya mambo mawili yaliyonitokea mwenyewe, na ya mengine niliyoyaona kwa karibu.

Wenyewe, au na mtu wa kati

Kukaa wenyewe ndiko kwa haraka na kwa bei rahisi. Hakuna samansi, na siri inabaki kwenye kuta nne. Udhaifu wake ni mmoja lakini mkubwa: anayekuzidi nguvu anakuzidi hapohapo. Mpangaji anayeweza kuhama na mpangaji asiyeweza kuhama hawazungumzi sauti moja. Kabla hujaenda, jua utafanya nini wasipokubali. Mimi nilikuwa nimeshaulizia fremu nyingine mtaa wa nyuma, laki na sabini, mbali kidogo na barabara. Sikuitumia kumtisha mzee. Ilinisaidia mimi nisitetemeke.

Mtu wa kati anaingia pale ambapo maneno yamekuwa makali. Hili kwetu halihitaji semina. Mshenga kazi yake ni ipi? Anapokea neno la upande huu likiwa la moto, analifikisha upande ule limepoa. Baba wa binti akisema mahari ni milioni tatu na ng'ombe, mshenga hapeleki sauti na mkunjo wa uso, anapeleka namba tu, na akirudi anarudi na heshima ya wote wawili. Kijana na mkwewe wangepangiana bei uso kwa uso, wangeanza ukwe kwa donda.

Ila kuna mtu wa kati na mtu wa upande. Mjumbe wa shina au mwenyekiti wa serikali ya mtaa anawajua nyote, anajua nani alimkopesha nani, na mara nyingi ndiye atakayemaliza ugomvi wa mtaro, kelele na takataka kuliko mtu mwingine yeyote. Tatizo linakuja akiwa mjomba wa mmoja wenu, au amezoea kuomba "ya maji". Utaratibu ulioko kwenye Surat An-Nisaa, aya ya 35, wa ugomvi wa mume na mke, unalizunguka tatizo hili kwa ustadi: mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume, mwingine kutoka jamaa za mke. Hawaombwi wasiwe na upande. Kila upande una wake, kisha hao wawili ndio wanaotafuta suluhu. Nimeuona ukitumika kwenye ugomvi wa duka la ndugu wawili, hauna ndoa ndani yake kabisa, na ukafanya kazi.

Zanzibar waliipitia mizani hii kwa gharama kubwa kuliko sisi wa fremu. Baada ya uchaguzi wa 1995 vyama vya CCM na CUF vilishikana mashati kisiasa, na mwaka 1999 Jumuiya ya Madola ikavikalisha mpaka vikatia saini muafaka wa kwanza. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, Januari 2001 watu wakauawa katika maandamano, na Oktoba mwaka huohuo vyama vikasaini muafaka wa pili. Uchaguzi wa 2005 ukaleta malalamiko yaleyale. Novemba 5, 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF wakakutana Ikulu ya Zanzibar, wao kwa wao. Tofauti kubwa ninayoiona iko katika kilichofuata. Mambo hayakuachwa kwenye mafaili ya vyama: yalipelekwa kwenye kura ya maoni Julai 31, 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa ili kuwe na Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Wapo watakaosema, mbona uchaguzi wa 2015 ulifutwa na serikali ile ikakwama? Ni kweli. Lakini mwaka 2020 palipotakiwa kurudi pamoja, palikuwa na kifungu cha kurudia, na Desemba mwaka huo Maalim Seif akaapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kilichoandikwa mahali penye nguvu hakizuii watu kugombana. Kinawapa pa kurejea.

Baraza la Kata si lile la zamani

Hapa watu wengi wanakosea, na kosa lenyewe linagharimu miezi. Kwa Tanzania Bara, migogoro ya ardhi ina ngazi zilizowekwa na sheria ya 2002: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Zamani Baraza la Kata liliweza kusikiliza shauri la ardhi na kutoa uamuzi. Tangu marekebisho ya 2021 halina tena mamlaka hayo. Kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha.

Wengine husikia hivyo wakaliruka. Huwezi. Baraza la Wilaya halisikilizi shauri la umiliki wa ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limejaribu kuwapatanisha likashindwa. Kuna mlango wa dharura: siku 30 zikipita tangu upeleke shauri kata na hakuna suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hicho cheti. Weka tarehe uliyofungua, kwa maandishi, yenye muhuri.

Ukililinganisha na mzee wa mtaa, Baraza la Kata lina faida ya kuwa na watu kadhaa, kati ya wanne na wanane, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kwa mjane anayegombea shamba na shemeji zake, hilo si jambo dogo. Kijijini, Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, watatu wanawake. Na mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha mtu mbele ya Baraza la Kata, kwa hiyo tajiri hawezi kukujia na suti. Ukililinganisha na kukaa wenyewe, unapoteza siri. Wiki hiyohiyo mtaa mzima utajua mnagombea nini.

Kama shamba letu lingegombewa leo, tungelazimika kukaa mbele ya watu wa kusuluhisha kwanza. Labda pale mmoja angeuliza kuhusu kisima.

Ugomvi wa kazi una nyumba yake

Mtoto wa dada yangu aliachishwa kazi kwenye kampuni moja ya usafirishaji, kwa simu, Ijumaa jioni. Familia ikagawanyika: baba yake anataka mahakama, mama yake anataka amwombe bosi msamaha. Yeye mwenyewe alikuwa na vitu viwili kichwani, malipo ya likizo ambayo hakuenda na cheti cha utumishi kinachosema ukweli, kwa sababu alikuwa ameshaitwa usaili kwingine.

Mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wanaita CMA kwa kifupi, iliyoundwa na sheria za kazi za 2004. Hulipi ada ya kufungua lalamiko, unajaza fomu namba moja, na jambo la kwanza ni usuluhishi. Msuluhishi ana siku 30 za kuwafikisha kwenye makubaliano, isipokuwa nyinyi wenyewe mkikubaliana kuongeza. Mnayosema humo ni siri ya chumba kile. Mkishindwa, shauri linaendelea kwenye uamuzi. Na kuna meno ambayo mzee wa mtaa hana: aliyelalamika asipotokea kwenye usuluhishi, lalamiko linaweza kufutwa. Aliyelalamikiwa asipotokea, msuluhishi anaweza kuliamua.

Walikaa mara mbili. Kampuni ilitaka mambo yaishe kimya kabla ya mwisho wa mwaka. Yeye akatoka na malipo ya notisi, ya likizo, na cheti kilichoandikwa maneno ambayo alishiriki kuyachagua. Sharti la mwisho ndilo alilolithamini kuliko yote, na ni la aina ambayo hukumu ni nadra kuiandika: neno kwa neno, mbele ya mtu aliyemfukuza.

Mahakama, na chumba kilichoko ndani yake

Ukifungua madai ya kawaida mahakamani, ya deni au mkataba, usidhani umeshaacha mapatano nyuma. Usuluhishi umekuwa sehemu ya mwenendo wa kesi za madai tangu 1994. Kabla ya ushahidi kusikilizwa mnapelekwa kwa msuluhishi, na mkikubaliana, makubaliano yanasajiliwa yakawa hukumu ya maridhiano. Hukumu hiyo haikatiwi rufaa. Hapo ndipo inapoizidi karatasi mliyoandikiana kwa mjumbe: mwenzako akikiuka, huanzi kesi upya, unaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kuitekeleza. Huko Kenya mambo yako vivyo hivyo kwa jina lingine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 159, inaitaka mahakama ihimize upatanisho, usuluhishi na njia za kimila, na tangu 2016 kesi huchujwa na kupelekwa kwa wasuluhishi wa mahakama.

Mahakama ya hukumu kamili, kwa maoni yangu, ni ya watu wa aina tatu. Yule ambaye mwenzake hamhitaji kwa lolote, kwa hiyo hana sababu ya kupatana naye. Yule anayetaka jibu litakalowafunga na wengine, kwa mfano mipaka ya viwanja ishirini kwenye mradi mmoja. Na yule ambaye ameshazungushwa na mtu anayetumia mazungumzo kununua muda.

Huyo wa mwisho anastahili maneno zaidi.

Saa haiwasubiri

Watu wastaarabu wanapoteza haki kwa ustaarabu. Wanazungumza, wanaandikiana, wanaahidiana "baada ya mavuno", na siku wakienda kushitaki wanaambiwa muda umekwisha. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayasimamishi ukomo wa muda. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika CMA. Malalamiko mengine ya kazi siku 60. Madai ya mkataba ni miaka 6, ya kudai ardhi miaka 12. Siku 30 ni chache kuliko zinavyosikika. Mtoto wa dada yangu alitumia kumi na nane kati ya hizo kusikiliza baba na mama wakibishana.

Kwa hiyo kama unakaa wenyewe, kaa ukiwa na kalenda. Na kama unadai pesa, mwombe mdaiwa akiri deni kwa maandishi na saini kabla muda haujaisha. Karatasi hiyo inaanzisha hesabu ya muda upya. Asiye na nia mbaya haoni shida kuisaini, na anayeikataa amekujibu swali lingine.

Karatasi

Makubaliano ya mdomo ni mazuri siku mnapoyafanya. Miezi mitatu baadaye kila mtu anakumbuka ya kwake. Karatasi yetu ya fremu ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari kubwa, nakala mbili: nani, nini, kiasi gani kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe gani, nani atatengeneza bati na kabla ya lini, na nini kitatokea asipotengeneza (nakata gharama kwenye kodi inayofuata). Mashahidi wawili, mmoja wangu, mmoja wake. Hiyo sentensi ya "asipotengeneza" niliisitasita kuiandika nikiona ni kukosa adabu kwa mtu mzima. Mzee mwenyewe akasema, andika, kesho naweza kufa ukabaki na wanangu.

Angalizo kwa wa ardhi: muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauhamishi umiliki wa kiwanja. Ardhi ya kijiji inahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Nimeona familia zikipatana vizuri kabisa juu ya kugawana shamba, zikaandikiana, na mgawanyo ukabaki kwenye karatasi ambayo hakuna ofisi inayoitambua.

Basi, wewe uende wapi

Kodi, mtaro, ukuta, kelele, deni dogo la mtu unayemjua: kaeni wenyewe, mkishindwa mara mbili mtafute mtu wa kati mnayemkubali wote, au kila mtu na wake. Ardhi: hata kama unajua utashinda, ingia kwenye usuluhishi wa kata kwa nia ya kweli, na kabla hujaenda andika kila kitu unachokitumia kwenye ile ardhi, siyo mpaka tu. Njia, maji, miti ya matunda, kaburi. Kazi: fungua lalamiko CMA ndani ya siku 30 hata kama bosi anakubembeleza mzungumze. Kufungua hakuzuii kuzungumza, na mara nyingi ndiko kunakomfanya azungumze kwa dhati. Ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka mpitie baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, na cheti chake utakihitaji, kwa hiyo msilione kama kero ya njiani.

Na kuna mambo ambayo siyaweki kwenye mzani huu kabisa. Mtoto aliyeharibiwa, mke anayepigwa. Kila mtaa una wazee wanaojua "kumaliza kifamilia" mambo hayo kwa mbuzi na laki tatu, kisha mtoto anaendelea kupishana na aliyemuumiza kila asubuhi akienda shule. Pale aliyeridhika ni mmoja. Huko ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na mzee yeyote anayekuja na mbuzi aambiwe arudi naye.

Miezi 24 yetu iliisha Desemba iliyopita. Mzee alikuja asubuhi kama kawaida yake, fimbo mkononi, akasimama mlangoni akiangalia lile bati jipya kana kwamba ndiye aliyelipigilia misumari. Safari hii sikungoja namba. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikauliza: "Mzee wangu, Januari hii una nini?"

Akacheka. "Choo cha uani kimetitia."

Nikaenda kufungua daftari la upatu kuangalia zamu yangu.